Vijana na Muziki: «Gasolina»

Ndugu vijana, wazazi wanauliza: ile reggaeton munachezaka ni kitu gani? Tutwae «Gasolina» ya Daddy Yankee, wa Puerto Rico, ya mwaka 2004. Ngoma yake ni pigo moja, zito, inarudia-rudia. Inaitwa dembow, ilitoka Jamaika katika wimbo wa Shabba Ranks. Juu yake mwanaume anasema maneno mbio-mbio, mwanamke anamuitikia, baflé inatetemeka, na miguu inaamka yenyewe. (Hata ya mzee wa kanisa, tusidanganyane!)

Kwa maneno, ni kitu ingine. Si wimbo wa kufundisha watoto. Lakini kukataza kwa nguvu hakusaidie: mwaka 1995 polisi ya Puerto Rico iliingia katika maduka ya San Juan, ikakamata kaseti za muziki huu. Vijana wakazidi kuitafuta. Basi mama, mbele ya kuzima redio, keti na mtoto, umuulize maneno yanasema nini.

Na Daddy Yankee? Desemba 2023, kwenye tamasha lake la kuaga kule San Juan, alitangaza mbele ya watu kwamba sasa ataishi kwa ajili ya Kristo.