Soseji za Milwaukee na foleni ya Namanga

Timu ya besiboli ya Chicago Cubs ikienda kucheza Milwaukee, mashabiki wake hujipakia kwenye magari na kuifuata. Ni kilomita zipatazo 145. Njiani wanatoka jimbo la Illinois na kuingia Wisconsin, kila jimbo na kodi zake na sheria zake, lakini hakuna anayewafungulia boksi la barafu ahesabu soseji.

Wakifika uwanja wa American Family Field hawakimbilii ndani. Wanafungua buti, wanawasha majiko pale pale kwenye maegesho, wanachoma nyama na kunywa bia pamoja na marafiki, hata wa timu pinzani. Anayefaidi si klabu peke yake: mwenye bucha, muuza mkaa, mwenye kituo cha mafuta, wote wameshauza kabla mpira haujarushwa.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa AFCON pamoja. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza 2010, ila gari la mashabiki wa Nairobi wanaokwenda Arusha bado litasimama Namanga kwa karatasi za gari na bima. Viongozi wasiishie kwenye nyasi na viti. Wamalize suala la magari hayo mapema, na kandokando ya viwanja watenge nafasi ya mama lishe na mchoma nyama, badala ya kuwatimua kwa askari wa jiji siku ya mechi. Vitunguu vyao, kwanza, vinavuka mpaka kila siku.