Heliamu ya Rukwa: bei iko kwenye mtungi

Wawekezaji wadogo wanaozitolea macho hisa za heliamu wasidanganywe na ukubwa wa hesabu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kadirio la futi za ujazo bilioni 54 katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Hiyo ni gesi iliyo ardhini, si shehena ya kuuzwa.

Wanunuzi wapo. Heliamu haiwaki moto, na ikiwa kimiminika hufikia baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini. Puto za harusi ni biashara ndogo.

Lakini haikai ghalani kungoja bei kama kahawa. Huvuja kwa urahisi, na ikipaa angani hairudi. Bila mtambo wa kuisafisha, matangi maalumu na usafiri wa uhakika hadi bandarini, kisima ni shimo tu. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi wa hisa aulize: mtambo uko wapi, na nani ametia saini kununua?