Tusile Mbegu ya Ziwa

Ndagala anayefika Bijombo amepanda mlima mrefu kutoka Uvira. Tunapomkuta sokoni akiwa mdogo kama njiti, twafurahia bei yake, wala hatujiulizi: je, huyu alikwisha kuzaa?

Vijana wapendwa, viumbe vya porini na majini havizai ovyo. Huko Ulaya, kurefuka kwa mchana ndiko huwaamsha wanyama wengi. Kwetu, karibu na ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki nusu saa. Hivyo mvua, upepo na chakula ndivyo vyenye amri. Nyumbu wa Serengeti hupandana Mei na Juni, wakazaa baada ya miezi minane hivi, majani mabichi yakiwa tayari. Kila majira ya kuzaa hufuata tumbo la mtoto.

Ziwa Tanganyika nalo lina majira yake. Tangu Mei hadi Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kwetu kaskazini. Kule kusini maji ya vilindini huinuka na rutuba yake, vijimea huongezeka, na ndagala wachanga hupata cha kula. Watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba joto linalozidi linazuia maji hayo kuchanganyika, chakula cha samaki kikapungua. Na ndagala huishi takribani mwaka mmoja tu: akikosa msimu wake, huenda hana mwingine.

Ndiyo sababu Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Twaiona hatua hiyo kuwa ya haki, kwa maana ziwa ni moja kwa nchi nne, na samaki hajui mpaka. Lakini mvuvi asiye na shamba atakula nini miezi mitatu? Kufunga ziwa bila kumjibu ni kumtwika maskini peke yake mzigo wa wote. Wenye mamlaka wamwandalie riziki nyingine kabla ya kumnyang'anya wavu.

Nasi walaji tusijitoe. Tukatae kununua ndagala wachanga, kisichonunuliwa hakivuliwi. Wengi wetu tuliokimbia vita twajua uchungu wa kurudi shambani bila mbegu. Ndiyo maana mama zetu, hata njaa ikibisha hodi, huyaficha maharagwe ya kupanda. Ziwa nalo lina maharagwe yake.