Angani au Barabarani: Tufikaje Mombasa?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Likizo ya Disemba iko mlangoni, na najua kwamba katika nyumba nyingi za wanafunzi wenzangu swali ni moja: tutasafiri vipi? Wengine wataelekea mashambani kwa babu na nyanya, wengine pwani, na wengine watabaki papa hapa mtaani wakitazama wenzao wakifunga mizigo. Sisi kwetu tunakwenda Mombasa kumwona shangazi yetu anayekaa Changamwe, ambaye hatujamwona kwa miaka minne. Tuko watu sita: Baba, Mama, Nyanya aliye na maumivu ya magoti, mimi, ndugu yangu mdogo, na kitinda mimba wetu wa miaka minne. Kwa muda wa wiki mbili nyumba yetu imegawanyika kama bunge. Mama anataka ndege, Baba anataka gari lake. Mimi nimesikiliza pande zote mbili, na leo naomba nafasi nitoe maoni yangu, kwa maana naamini kwamba jambo hili si la kwetu pekee.

Kwanza tuanze na ndege, kwani mgeni njoo mwenyeji apone. Mama anasema kwamba kutoka Nairobi hadi Mombasa ndege haikai angani hata saa moja. Anasema pia kwamba Nyanya hawezi kukunja magoti ndani ya gari kutwa nzima. Juu ya hayo anatukumbusha jambo ambalo hakuna awezaye kulipinga: safari ya ndege za abiria ni salama kuliko ya barabara. Hapo Mama ana haki, nami sitamvunjia hoja yake kwa maneno matupu.

Lakini hesabu nazo zina ulimi wao. Tulipouliza bei za Disemba, kiti kimoja kilikuwa shilingi 7,000 kwenda tu. Zidisha kwa watu sita, kisha kwenda na kurudi: jumla ni shilingi 84,000. Hapo bado hujalipa teksi ya kuwapeleka watu sita uwanjani Embakasi, wala ya kuwatoa uwanja wa Moi kule Mombasa. Na ile saa moja ya angani si saa moja ya safari. Ni lazima uondoke nyumbani mapema ukihofia msongamano wa magari, ufike kabla ya wakati, upange foleni, mizigo ikaguliwe, ungoje kuitwa. Ukijumlisha yote utakuta kwamba nusu ya siku imekwisha. Shilingi 84,000! Jamani, sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa. Tunajua ni asubuhi ngapi wenzetu hurudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana. Kutumia pesa hizo zote ili Januari tuanze kukopa unga dukani, kwa maoni yangu, si likizo.

Sasa tuje kwa Baba na gari lake. Gari letu ni Toyota kuukuu ambayo Baba huipenda kama mtoto wa saba. Hesabu yake ni nyepesi. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 485 hivi. Kwenda, kurudi, na kuzunguka kidogo huko pwani, tuseme kilomita 1,200. Gari letu hula lita moja kwa kilomita 10, kwa hivyo tunahitaji lita 120. Mwezi wa Oktoba 2025 petroli hapa Nairobi ilikuwa shilingi 185 hivi kwa lita. Jumla ni shilingi 22,200. “Mnaona?” Baba akasema, “Hiyo ni robo ya pesa za Mama yenu, na gari litakuwa letu huko kila siku.”

Na kwa kweli barabara ile ina utamu wake. Mtu akipaa angani huiona nchi kama ramani ya jiografia isiyoandikwa majina. Lakini barabarani unapita Sultan Hamud na Emali, unafika Makindu kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, ambapo msafiri yeyote hukaribishwa chakula bila kulipa. Unafika Mtito Andei, karibu nusu ya safari, unanyoosha miguu. Unavuka mto Tsavo, pale ambapo mwaka wa 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli hadi kazi ikasimama. Unaona mibuyu, mashamba ya makonge karibu na Voi, na ukibahatika, ndovu wekundu kwa sababu ya udongo wa huko. Hayo yote ni masomo, tena bila kuulizwa maswali mwishoni.

Basi, ikiwa gari ni rahisi na lina utamu, mbona sikumuunga Baba mkono? Kwa sababu mbili, nami naomba mnivumilie nizieleze.

Sababu ya kwanza ni kwamba gari letu lina mishipi mitano ya usalama, na sisi tuko sita. Nilipolitaja jambo hilo, jibu lilikuwa lile ambalo nyote mnalijua: “Mtoto atapakatwa.” Wenzangu wa kidato cha tatu, hebu tuzitoe sheria za Newton darasani tuzipeleke barabarani. Mdogo wetu ana kilo 15. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hiyo ni mita 22 hivi kwa sekunde. Gari hilo likigonga kitu na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, nguvu inayohitajika kumzuia mtoto huyo asiruke mbele ni nyutoni 3,300. Ni kama kubeba zaidi ya magunia matatu ya mahindi, yale ya kilo 90, kwa mikono miwili, tena kwa ghafla. Hakuna mama duniani mwenye mikono hiyo, hata awe na upendo wa namna gani. Tangu mwaka wa 2004, wakati wa Waziri John Michuki, Wakenya tumezoea kuona mishipi hata kwenye matatu. Inakuwaje tumlaumu makanga anayebeba abiria wa ziada, halafu tufanye yale yale katika gari la nyumbani?

Sababu ya pili ni saa ya kusafiri. Baba hutoka kazini Ijumaa jioni, na mpango wake ni kung’oa nanga saa moja usiku ili afike alfajiri, “kabla ya joto.” Barabara ya Mombasa ndiyo njia ya mizigo ya bandari. Matrela yanayokwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo yote hupita hapo. Usiku mtu aliyefanya kazi mchana kutwa anakaa nyuma ya trela kwa kilomita nyingi, subira inamwishia, anatokeza kichwa ili aovateki. Wakati mwingine lori limeharibika na kuachwa njiani bila taa. Na macho yakianza kufumba, hayapigi hodi. Kila mwaka tangu 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Mwezi wa Disemba 2013 serikali ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku baada ya ajali nyingi, ingawa marufuku ile haikudumu. Mtaani kwetu iko nyumba moja ambayo tangu Disemba iliyopita ina kiti kisichokaliwa. Baba wa pale alikuwa anawahi harusi, usiku vilevile. Sitaki kusema mengi kuhusu hilo, kwa kuwa watoto wake wanasoma jarida hili.

Ndege ni ghali, gari halitutoshi. Tufanye nini basi? Wakati wazee wangu walipokuwa wakivutana, mmoja akitazama juu na mwingine akitazama lami, aliyetoa neno la maana alikuwa Nyanya. Alisema, “Nyinyi wanangu, mimi zamani nilikwenda Mombasa kwa gari la moshi. Tulipanda jioni tukaamka pwani. Limekwenda wapi?”

Nikamwambia, “Nyanya, lile la zamani lilisimama mwaka wa 2017, lakini siku hizi kuna jipya.” Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Reli mpya, ile ya SGR, ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017, kutoka Syokimau hadi Miritini, kwa muda wa saa tano au sita. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000, ikapandishwa hadi 1,500 Januari 2024. Haya, tuzidishe: 1,500 mara sita, mara mbili, ni shilingi 18,000. Tuongeze shilingi 4,000 za matatu na tuktuk tukiwa Mombasa. Jumla ni 22,000, pungufu ya petroli ya Baba kwa shilingi mia mbili! Kila mtu ana kiti chake, Nyanya anaweza kusimama akatembea kidogo, choo kipo ndani, wala hakuna trela linalokuja mbele yenu. Stesheni ya Miritini nayo haiko mbali na Changamwe kwa shangazi. Na wale ndovu wa Tsavo? Hata dirishani mwa garimoshi wanaonekana, kwani reli inapita katikati ya mbuga hiyo.

Wapo watakaosema kwamba garimoshi linakunyima uhuru: huwezi kusimama Mtito Andei ukala nyama, wala kununua matunda njiani. Kweli. Wapo watakaosema kwamba tiketi za Disemba huisha mapema. Kweli pia, ndiyo maana nimeanza kelele hizi sasa na si tarehe 23. Hoja ninayoikataa ni moja tu, ile ya fahari. Hapa shuleni wiki ya kwanza ya Januari utasikia, “Wewe ulipaa ama uliburutwa?” Mwenye kupaa anasifiwa, mwenye gari la kwao anafuata, na aliyepanda garimoshi au basi anajificha nyuma ya daftari. Wenzangu, vyote ving’aavyo si dhahabu. Kiti cha ndege hakikumbukwi na mtu baada ya wiki moja, lakini deni hukumbukwa mwaka mzima.

Sisemi kwamba ndege haina siku yake. Mgonjwa asiyeweza kukaa saa sita, mtu mwenye ruhusa ya siku mbili tu, au mfiwa anayewahi mazishi, hao wapande ndege kama wana uwezo, na asiwacheke mtu. Wala sisemi kwamba barabara iachwe. Garimoshi halifiki Meru, wala Kisii, wala Garissa, na wengi wenu mnakwenda huko. Lakini kwa kuwa barabara ina hatari kuliko ndege na garimoshi, anayeichagua ana wajibu wa kuipunguza hatari hiyo. Idadi ya watu isizidi mishipi. Safari ianze alfajiri baada ya usingizi wa kutosha, si usiku baada ya kazi. Matairi na breki vikaguliwe na fundi siku kadhaa mbele. Dereva apumzike kila baada ya saa mbili, na mwendo wa juu ambao sheria inaruhusu usichukuliwe kuwa ni amri ya kuufikia. Mwenda pole hajikwai.

La mwisho ni juu yetu sisi vijana. Wengi tunadhani kwamba mambo ya safari ni ya wazazi, na kwamba mtoto akisema ni utovu wa adabu. Mimi naona kwamba adabu iko katika namna ya kusema. Niliandika hesabu zangu tatu kwenye karatasi moja, nikangoja Baba amalize kula, nikamwambia, “Baba, samahani, naomba uangalie hii.” Alisoma kimya. Aliniuliza kama nina hakika na zile nyutoni, nikamwonyesha kitabu cha fizikia. Hakusema ndiyo wala la. Lakini juzi nilimsikia akimwuliza Mama tiketi za garimoshi huanza kuuzwa siku gani, na Mama hakutaja ndege.

Basi nanyi kabla shule haijafungwa, hesabuni watu wa kwenu, hesabuni mishipi, ulizeni saa ya kuondoka, kisha semeni kwa heshima. Nawatakia likizo njema nyote, walimu na wanafunzi. Januari tukutane hapa, tukiwa kamili.