Baa ya kijiji haitaokolewa na bia pekee

Huenda msomaji wa hapa nchini akastaajabu kusikia kuwa kuna watu wanaolilia baa iliyofungwa. Kwetu baa hulaumiwa kwa kuvunja nyumba na kupotosha vijana. Katika vijiji vya Uingereza, hata hivyo, baa imekuwa kwa karne nyingi baraza la wakazi: mahali pa kujuliana hali, kufanyia mikutano na kupatana kuhusu kazi. Inapofungwa, kijiji hubaki bila mahali pa kukutania.

Nazo zinafungwa. Mwaka 2000 nchi hiyo ilikuwa na baa zipatazo 60,000. Kufikia 2020 zilikuwa chini ya 50,000. Wapo wanaoilaumu sheria ya 2007 iliyopiga marufuku uvutaji wa sigara ndani ya majengo ya umma. Wengine huyanyoshea kidole maduka makubwa yanayouza bia kwa bei ya chini. Sababu hizo zina uzito, lakini kwa baa ya mashambani kuna chanzo cha ndani zaidi: wateja wenyewe wamehama. Mashine zimechukua kazi za shambani, vijana wamekimbilia mijini, na nyumba nyingi zimenunuliwa na matajiri wanaofika wakati wa likizo tu. Duka, posta na shule hufungwa, kisha baa hufuata.

Je, mkondo huo waweza kuzuiwa? Kijiji kidogo cha Hudswell, kaskazini mwa Yorkshire, chatupa jibu. Baa yake, George and Dragon, ilifungwa mwaka 2008. Wakazi hawakungoja serikali wala tajiri. Waliunda chama, wakauza hisa, wakainunua na kuifungua tena mwaka 2010. Humo wakaweka duka dogo na maktaba, na kando yake vishamba vya wanakijiji kupanda mboga. CAMRA, chama cha watetezi wa bia ya asili, kiliitangaza kuwa baa bora ya mwaka 2016 nchini humo.

Siri ya ufanisi huo haikuwa kinywaji. Asiyekunywa pombe alipata sababu ya kuingia: mkate, kitabu au mazungumzo. Aidha, mwenye hisa hana budi kujiuliza iwapo anakitumia kilicho chake.

Sheria nayo ilisaidia. Tangu sheria ya mamlaka ya mitaa ya 2011, jamii nchini England zaweza kuomba jengo liorodheshwe kuwa lenye manufaa kwa umma. Chini ya sheria hiyo ilivyopitishwa, mmiliki alipotaka kuliuza, wanakijiji waliweza kupewa hadi miezi sita watafute fedha. Hata hivyo, hakulazimika kuwauzia wao.

Tusidanganyane, lakini. Wanaojitolea huchoka, paa huvuja na mikopo hudai kulipwa. Isitoshe, baa haiwezi kurudisha vijana pasipo nyumba wanazozimudu wala kazi. Ushirika waweza kukinunulia kijiji muda. Hauwezi kukinunulia watu. Serikali inayosifu juhudi za wanakijiji huku ikiondoa basi na shule inabomoa kwa mkono wa kushoto kilichojengwa kwa wa kulia.

Hapo ndipo habari hii inapotuhusu. Sisi tunaujua ushirika kupitia kahawa na maziwa, na tunajua pia jinsi ulivyodhoofika pale wanachama walipouacha mikononi mwa wachache. Nasi tunawaona vijana wakihama, wazee wakibaki na mashamba. Walimu na wanafunzi wana nafasi ya kuuliza mapema ni jengo gani vijijini mwao, liwe ukumbi, maktaba au soko, ambalo likifungwa leo watu hawatakuwa na pa kukutania kesho. Swali hilo liulizwe mlango ukiwa bado wazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.