Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walituachia usemi kwamba mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu usemi huo hutajwa kuwaasa vijana wasisahau walikotoka, nasi hatuna ugomvi na wasia huo. Lakini mwenye kuuangalia vizuri ataona kuwa una pande mbili. Mchezaji ana wajibu wa kucheza kwao, na watu wa kwao nao wana wajibu wa kumtunza. Pasipokuwa na kiwanja wala mtunzaji, mchezaji hatalaumiwa akenda kucheza kwa wengine na akabaki hukohuko. Leo tunapenda kuzungumzia upande huu wa pili, ambao hausemwi sana, na mfano wetu tutauchukua kwa mlinzi mmoja wa kandanda kutoka kisiwa cha mbali, ambacho hali yake katika mchezo huu inafanana na yetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mlinzi huyo ni Jocelyn Angloma. Alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1965, katika mji wa Les Abymes, kisiwani Guadeloupe, katika bahari ya Karibi. Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa iliyo ng'ambo ya bahari, na wakazi wake leo hawafiki laki nne. Zanzibar, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, ina watu wanaokaribia milioni moja na laki tisa. Hata hivyo kisiwa kile kidogo kimetoa walinzi ambao dunia nzima iliwajua. Marius Trésor, aliyekuwa nahodha wa Ufaransa na kucheza Kombe la Dunia mwaka 1978 na 1982, alizaliwa huko. Lilian Thuram, bingwa wa dunia wa mwaka 1998, aliyeichezea Ufaransa mechi 142, naye alizaliwa huko. Angloma yuko kati ya hao wawili kwa umri, na sifa zake hazikuvuma kama zao. Lakini ndiye mwenye funzo kubwa zaidi kwa watu wa visiwani.

Alianza mpira katika klabu ya nyumbani, Étoile de Morne-à-l'Eau, na mwaka 1985 akavuka bahari kwenda kuichezea Rennes. Kutoka hapo akapita Lille na Paris Saint-Germain, na mwaka 1991 akajiunga na Marseille. Tarehe 26 Mei, 1993, mjini Munich, alikuwamo katika kikosi kilichoanza mchezo wa fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, siku Marseille ilipoishinda Milan bao 1–0. Kisha akenda Italia, Torino na baadaye Inter, na tangu mwaka 1997 hadi 2002 akawa beki wa kulia wa Valencia, Hispania. Akiwa na Valencia alitwaa Kombe la Mfalme mwaka 1999, akacheza fainali mbili za Ulaya mfululizo, mwaka 2000 na 2001, ambazo zote walishindwa, na akaondoka mwaka 2002 klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Hispania ambao ilikuwa haijauonja tangu mwaka 1971. Timu ya taifa ya Ufaransa aliichezea mechi 37, kati ya mwaka 1990 na 1996.

Kazi ya mlinzi haina shangwe. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kupata mara ya kumi hubebwa mabegani. Mlinzi akiokoa mara tisa na kukosa mara moja hutajwa kwa hilo moja. Hakuna daftari linaloandikwa hatari zilizozuiwa kabla hazijawa hatari. Mtu kudumu katika kazi ya namna hiyo kwa miaka kumi na saba, katika nchi tatu, chini ya walimu wenye lugha na mafunzo mbalimbali, si jambo la bahati. Ni nidhamu ya mwili, na zaidi ya hayo ni nidhamu ya akili: kujua mahali pa kusimama kabla mpira haujafika.

Tena maisha hayo yana somo kwa viongozi. Marseille waliponyakua kombe la Ulaya, ilibainika kuwa siku chache kabla ya fainali wachezaji wa Valenciennes walikuwa wamehongwa ili walegeze katika mechi ya ligi. Ubingwa wa Ufaransa wa mwaka 1993 ukafutwa, klabu ikateremshwa daraja mwaka 1994, na waliohusika wakahukumiwa mahakamani. Kazi ya msimu mzima ya wachezaji ikatiwa doa na hila zilizopangwa nje ya uwanja. Uongozi mbovu unaweza kulifungulia lango adui ambalo walinzi wamelifunga kwa jasho.

Sasa tufike kwenye sehemu ya maisha yake inayotuhusu sisi hasa. Guadeloupe haimo katika Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, kwa kuwa kiti ni cha Ufaransa. Lakini imo katika Concacaf, shirikisho la Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibi, na ina timu yake inayoshindana huko. Hatusemi kwamba Zanzibar ni sawa na Guadeloupe. Zanzibar ina Serikali yake ndani ya Muungano, na historia yake ni yake. Lakini mlango wa FIFA unaotufungia sisi ndio huohuo unaowafungia wao.

Angloma alipomaliza kazi Ulaya alirudi kwao na kuvaa tena jezi ya klabu ileile iliyomlea. Na katika kanuni zilizotumika wakati ule, mchezaji aliyewahi kuichezea Ufaransa aliweza kuichezea Guadeloupe baada ya kupita miaka mitano bila ya kuvaa jezi ya Ufaransa. Viongozi wa kandanda wa kisiwa kile waliijua kanuni hiyo na wakaitumia. Mwezi wa Juni, 2007, Guadeloupe iliposhiriki kwa mara ya kwanza mashindano ya Kombe la Dhahabu huko Marekani, Angloma alikuwamo, umri wake miaka 41. Walitoka sare na Haiti 1–1. Wakaifunga Canada 2–1, na Angloma mwenyewe akatia bao moja. Walifungwa na Costa Rica 1–0, lakini walivuka hadi robo fainali, na huko wakaitoa Honduras kwa mabao 2–1. Hatimaye walisimamishwa na Mexico katika nusu fainali, tena kwa bao 1–0 tu. Kisiwa kisicho na kiti FIFA kilisimama miongoni mwa timu nne bora za bara lake.

Wala hakuishia hapo. Baadaye alikabidhiwa timu hiyo akiwa mwalimu, na akaiongoza katika Kombe la Dhahabu la mwaka 2021 na lile la 2023. Yale aliyojifunza Munich, Milan na Valencia hayakuzikwa katika picha za ukutani. Yalirudi kisiwani na kuwa mazoezi ya vijana. Hayo ndiyo matunzo tunayoyakusudia. Hakupewa sadaka, wala hakuishia kukaribishwa kwenye karamu na hotuba. Alipewa kazi inayolingana na ujuzi wake.

Na sisi je? Hatukosi walinzi. Kizazi cha leo kinamkumbuka Nadir Haroub, aliyepachikwa jina la Cannavaro kwa kufananishwa na nahodha wa Italia. Mzanzibari huyu aliichezea timu yetu ya Zanzibar, akawa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, na tarehe 1 Machi, 2014, mjini Dar es Salaam, beki huyo ndiye aliyefunga bao pekee lililoiangusha Al Ahly ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Wala hatukosi historia. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji huko Uganda, na mwaka 2017, nchini Kenya, ilifika fainali na kushindwa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti tu. Kadhalika hatukosi viwanja. Amaan umejengwa upya, na mwezi wa Agosti, 2025, ulipokea mechi za mashindano ya CHAN. Lakini uwanja hauchezi. Wanaocheza ni watu, na watu hulelewa.

Tunachokosa ni utaratibu. Kijana wetu akionekana ana kipaji huvuka kwenda Bara au ng'ambo, na ni haki yake, kwa kuwa riziki hufuatwa. Tatizo ni kwamba akishavuka, habari zake huwa za magazetini na barazani. Anacheza wapi, mkataba wake unakwisha lini, amejeruhiwa au ni mzima, amesomea nini: hayo hayana mahali yanapoandikwa na kufuatwa kwa makini. Naye akirudi na viatu vyake mkononi, baada ya miaka kumi au kumi na tano, husalimiwa kwa furaha, akasimuliwa mabao ya zamani, kisha akaachwa akae barazani. Elimu aliyoigharimia kwa magoti na vifundo vya miguu yake hufa naye. Huo ni upotevu wa mali ya umma, japokuwa hauonekani katika hesabu za mkaguzi.

Wako watakaosema kwamba yote hayo ni bure madhali hatumo FIFA. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Sote tunakumbuka jinsi tulivyoshangilia tarehe 16 Machi, 2017, mkutano wa Shirikisho la Afrika, CAF, uliofanyika Addis Ababa, ulipoipa Zanzibar uanachama kamili, na tulivyonyongea mwezi wa Julai mwaka huohuo, mkutano wa Rabat ulipoufuta kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Kudai haki hiyo kwa hoja na kwa njia zinazofaa ni jambo jema na liendelee. Lakini Guadeloupe haikungoja kiti cha FIFA ndipo imtunze mlinzi wake. Ilitumia mlango uliokuwa wazi. Sisi nasi tunayo Chalenji, na klabu zetu zinashiriki mashindano ya Afrika. Anayelilia mlango uliofungwa huku ameupa mgongo ulio wazi hawezi kuilaumu nyumba.

Milango hiyo yenyewe ina kanuni, na kanuni zinataka kusomwa. Mwezi uleule wa Julai, 2017, Guiana ya Ufaransa, ambayo hali yake ni kama ya Guadeloupe, ilimchezesha Florent Malouda dhidi ya Honduras katika Kombe la Dhahabu, ilhali kanuni za mashindano wakati huo hazikumruhusu, kwa kuwa alikwisha kuichezea Ufaransa. Mechi ilikwisha bila ya kufungana uwanjani, lakini mezani Honduras wakapewa ushindi wa mabao 3–0. Mchezaji wa namna ileile na kisiwa au jimbo la hali ileile: mwaka 2007 kanuni ilikuwa ngao, na mwaka 2017 ikawa upanga. Kiongozi wa michezo asiyesoma kanuni ni sawa na beki anayeutazama mpira akamsahau mtu.

Kwa hivyo tunatoa rai tatu kwa wanaohusika, serikalini na katika vyama vya michezo. Kwanza, pawe na daftari moja, linalotunzwa na ofisi inayojulikana, la kila mchezaji wa Unguja na Pemba anayekwenda kucheza nje ya visiwa, kuanzia siku anayoondoka hadi siku anayorudi. Daftari halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu mwenye bidii na kabati lenye ufunguo. Pili, pawe na mtu mwenye elimu ya sheria ambaye kazi yake ni kuzisoma kanuni za FIFA, za CAF na za mashindano ya ukanda wetu kila zinapobadilika, na kuwaeleza viongozi kwa lugha nyepesi kabla ya timu kutajwa, si baada ya rufaa. Tatu, kila panapotolewa mafunzo ya ualimu wa kandanda, sehemu ya nafasi iwekwe kwa ajili ya wachezaji waliorudi, nao wakimaliza wapangiwe skuli na wilaya za kufundisha, wenye ujira wa kazi na si posho ya siku ya sherehe.

Na nyinyi wazazi mnaokataza watoto kiwanja, na nyinyi mnaowaachia kiwanja wakasahau chuo na skuli, tunawanasihi nyote mshike njia ya katikati. Anayetaka kuwa mlinzi wa kiwango cha juu atahitaji kusoma mkataba kabla ya kutia saini, kusema na daktari, na kuishi miongoni mwa watu wa lugha nyingine. Miguu itampeleka, lakini akili ndiyo itakayomrudisha salama.

Msimu ujao wapo vijana watakaopanda boti asubuhi, mkoba begani, kwenda kujaribu bahati zao. Tunawaombea heri na mafanikio. Ombi letu kwa waliokabidhiwa dhamana ya michezo ni kwamba kabla boti haijang'oa nanga, majina yao yawe yamekwisha kuandikwa, ili siku watakaporejea awepo mtu ofisini mwenye kuwajua na mwenye kazi ya kuwapa.