Orodha Kabla ya Leseni

Hadi mwaka 2009, Kibera ilikuwa pengo kwenye ramani nyingi za Nairobi. Makina, Lindi, Gatwekera na Laini Saba zilijaa watu, shule, makanisa na misikiti, lakini ramani haikuonyesha kitu. Mwishoni mwa mwaka huo vijana wa mtaa walishika vifaa vya GPS, wakapita kichochoro kwa kichochoro, na Map Kibera ikazaliwa. Tangu hapo, anayedai kwamba hajui kilichopo Kibera ana ramani ya kumsuta.

Toleo hili linahusu ukaguzi wa mimea ya asili kwenye milima inayowindwa kwa madini. Sisi wa Kibera na Kawangware twahusika. Kila ghorofa inayoinuka Kawangware imesimama kwa mawe na kokoto zilizochimbwa kwingine, na kule pia kulikuwa na uhai kabla ya tingatinga kufika. Mahali pasipoandikwa huitwa kichaka, na kichaka hakina wa kukitetea.

Tazameni Mrima, kilima cha Kwale chenye madini ya niobi na msitu ambao kwa Wadigo ni kaya, yaani mahali patakatifu. Kilikuwa kimeandikwa: kilitambuliwa kisheria kuwa msitu wa hifadhi na turathi ya taifa, na mimea ya misitu ya pwani ilikuwa imekaguliwa na Ann Robertson na Quentin Luke, waliotoa ripoti yao mwaka 1993. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba. Agosti waziri Najib Balala akaifuta. Cortec ikaishtaki Kenya mbele ya ICSID, baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Oktoba 2018 wasuluhishi waliitupa kesi hiyo: leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira inayodaiwa na sheria, kwa hiyo haikuwa halali. Kwa kuwa kilima kilikuwa kimeandikwa, sheria ilikuwa na mahali pa kushika.

Lakini kuna ukaguzi na ukaguzi. Mkaguzi wa kweli hupima kiwanja kwa kamba, akaandika kila kilichomo, kuanzia mti mrefu hadi kijimea kinachotambaa. Huangalia mmea upi unaishi na upi, na katika udongo gani. Hukata kitawi chenye ua au tunda, akakikausha kati ya magazeti, kisha akakipeleka kwenye hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, katika Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, ili yeyote atakayetilia shaka jina aje akitazame. Tena hurudi wakati wa mvua, kwa sababu mimea mingi hujificha ardhini kiangazi kizima. Ukaguzi wa siku chache za jua hutoa orodha fupi, na orodha fupi humfaa mchimbaji.

Wapo wasemao kwamba msitu utapandwa upya baadaye. Kazi ya René Haller ya kupanda miti kwenye machimbo ya Bamburi huko pwani, aliyoianza mwaka 1971 kwa mivinje, yastahili heshima. Imethibitisha kwamba jiwe tupu laweza kuwa kijani tena. Hata hivyo, kijani kipya si msitu wa awali, na asiyejua kilichokuwepo hawezi kukirudisha.

Ujuzi huu twaweza kujifunza karibu. Msitu wa Ngong Road, unaopakana na Kibera, una muhugu na mukinduri, na pia lantana inayoisonga miche yao. Shule za Kibera na Kawangware zina watoto wa kutosha kuukagua msimu kwa msimu, wakiongozwa na walimu wao na wazee wanaojua miti kwa dawa na kwa kuni. Kijana aliyezoea kazi hiyo hawezi kudanganywa na ripoti.

Ripoti za tathmini ya mazingira hutangazwa, na wananchi huombwa maoni. Itakapotangazwa nyingine, iwe ya mgodi mpya Kwale au ya machimbo ya kokoto jirani na Nairobi, fungueni kwanza sura ya mimea. Ulizeni nani alikagua, msimu gani, na vielelezo vimehifadhiwa wapi. Majibu yakikosekana, andikeni pingamizi, mtie sahihi, na mdai ukaguzi urudiwe kabla ya leseni kutolewa.